Samaki ya Ndoano Haihesabiwi

Watu wanapenda kusema kama miaka inaponya vidonda. Mimi niko muzee, nimeingojea hiyo miaka, na mwiba wa samaki moja, samaki ambaye sikumuonja hata kipande, ungali umekwama hapa kwenye koo. Wajukuu wangu wakiniona nashika kijiti changu cha shaba, kifupi kama kidole cha mutoto, wanacheka wanasema koko, babu yao, anachezea musumari. Bon, wacheke. Nitaandika polepole, maana shule yangu ilikuwa ndogo. Mapadri walinifundisha kusoma na kuomba, na kati ya hizo mbili nimesahau moja.

Asiyejua maporomoko ya kwetu, ngoja nimueleze kwanza, bila hivyo hataona uchungu uko wapi. Sisi watu wa maporomoko tunasimamisha miti minene ndani ya mashimo ya mawe, katikati ya maji yenye hasira. Miti tunaifunga na kekele, ile kamba ya porini, na chini yake tunatundika vitunga, mitego ya kusuka, vikubwa kuliko mutu, kinywa chake kinaangalia kule maji inatoka. Samaki anakuja na maji, anaingia, maji inamusukuma, harudi tena. Kila nyumba iko na fasi yake kwenye miti, baba anaiachia mutoto wake. Lakini samaki si ya nyumba. Hapo njo wageni wanashindwa kuelewa. Kila samaki anayetoka anaenda kwenye lundo, juu ya jiwe moja pana, na muzee mumoja anagawa. Anaita nyumba kwa nyumba, kufuata fasi. Wale wenye kusimama kwenye miti wanaitwa kwanza. Mwisho kabisa wanaitwa wajane, wagonjwa, na mugeni kama yuko. Hao tunasema ni wa huruma. Hakuna anayelala njaa, hiyo ni kweli, siwezi kuidharau desturi ya wazee. Lakini kila mutu anajua aliitwa wapi.

Nyumba ya papa ilikuwa inaitwa ya pili.

Nilikuwa na mukubwa wangu, mutoto wa kwanza wa papa. Maji ilimuchukua siku ya kusimamisha miti, papa akiwa ameshika mwisho wa kamba ile ile iliyomufunga kiunoni. Kamba ilikatika, au mukono uliachia, papa hakusema na hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo hakutaka mimi nikanyage muti. Ni yeye mwenyewe aliyenipeleka mujini, kwa Mureno mumoja aliyekuwa anatengeneza mashini za kushona, baiskeli na fono za kupiga santuri, akamueleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: huyu umuweke mbali na maji. Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzo-mwanzo. Bazungu walikuwa wanaita muji kwa jina yao, sisi tunasema Kisangani, na muji ulikuwa unaitika zote mbili, kama boyi wa nyumbani aliye na patron wawili.

Kisha muti uliteleza ukavunja muguu wa papa chini ya goti. Uliunga umepinda kama mushiko wa kikombe. Watoto wa tonton, yaani mudogo wa papa, wakasimama kwenye fasi yetu, maana fasi haikai bure. Na masika hayo hayo muzee mugawaji akafa, tonton akawa mugawaji.

Papa alipoweza kutembea na fimbo, akateremka mpaka kwenye jiwe. Ilikuwa siku ya Mungu, Jumapili, nilikuwa naye. Tonton akaita nyumba ya kwanza. Akaita ya pili, na aliyeitika ni mutoto wake mukubwa. Papa alikuwa amekwisha kunyosha mukono. Akaugeuza akajikuna shingo. Tonton akaendelea kuita mpaka akafika kwa wajane. Mujane wa mwisho alipochukua yake, tonton akaokota samaki mumoja mwembamba, mboto, akasema bila kuangalia, "Na yaya."

Yaya ni yeye papa, kwa sababu alikuwa mukubwa wake. Papa akachukua. Nyumbani akamupa mama ule mboto. "Pika," akasema. "Ni ya huruma. Usiweke pilipili, inawasha yenyewe."

Toka hapo papa alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: kuleta samaki kwenye lundo kwa mukono wake, ili aitwe tena kwa fasi yake. Si chakula. Chakula nilikuwa nawapelekea kutoka mujini, mpaka sukari.

Sasa nifike kwenye mulineti, maana naona nimezunguka. Mundele mumoja alikuwa anarudi kwao Ulaya, akatoa vitu vyake barazani viuzwe: viti, chandarua, piano iliyoliwa na muchwa. Piano kule kwetu, na ile unyevu. Ukiipiga upande mumoja, inajibu upande mwingine. Patron, yule Mureno, akanituma nichukue sanduku la bawaba na makufuli ya zamani aliyonunua. Chini kabisa, ndani ya soksi ya sufu, mulikuwa na kigurudumu cha shaba, kizito kama ngumi, kijani ya kutu kila upande. Ni kitu cha kuvingirishia uzi wa ndoano. Kinafungwa kwenye fimbo, unazungusha mukono wake mudogo wa pembe, uzi unarudi. Bazungu wanaita moulinet, sisi tukasema mulineti. Hiki hakikuzunguka hata kidogo. Patron akakitikisa kwenye sikio kama yai.

"Hiki kimekufa," akasema. "Kimekufa mbele wewe uzaliwe. Chukua, utazuia nacho mulango."

"Mbele nizaliwe, miaka ngapi, patron?"

"Ninajua mimi? Mbele ya vita ya kwanza. Mbele ya mama mukwe wangu."

Nikakipeleka kwetu Kabondo, mutaa wangu wa mujini. Mimi niliona kitu kimoja ambacho patron hakukiona, maana yeye hakuwa na papa kama wangu: mutu anaweza kuvua nacho akiwa amekaa.

Nikakilaza ndani ya petroli ya taa, kwenye bakuli ya muke wangu. Tulikuwa tumeoana juzi tu, yeye mutu wa upande wa Yanonge, na watu wa Yanonge hawavumilii upuuzi. Akaonja lituma yake, ndizi ya kuponda, akaniangalia. "Leo ndizi imepikwa na taa," akasema. Alors, nikanunua bakuli ingine. Skrubu zilikuwa zimeshikana na shaba, nikazigusisha chuma chekundu moja moja mpaka zikaachia, isipokuwa moja iliyokatika kichwa, hiyo nikaitoboa. Ndani grisi ya zamani ilikuwa imegeuka ulimbo. Uzi ulikuwa wa hariri, umeoza, ukiushika unakuwa unga, lakini chini yake, pale uzi ulipofunika, shaba ilikuwa inang'aa kama siku ile walipoitengeneza. Hiyo iliniuma kidogo, sijui kwa nini. Kitu kinabaki kipya pale tu ambapo hakuna anayekiona.

Kutu ya nje niliisugua na ndimu na majivu. Ndani muna kiulimi cha chuma kinacholia krrr uzi ukitoka, kukuambia samaki anaenda. Springi yake ilikuwa imevunjika. Nikakata ingine kwenye springi ya fono iliyokufa, nikaikunja, nikaipasha, nikaivunja, nikakata tena. Ya mwisho ikakubali. Kila nikisikia ile krrr nilikuwa nangojea wimbo uanze.

Nilitaka pia kujua umri yake. Mashini ya kushona iko na namba, ukiisoma unajua baba yake na mama yake. Hii ilikuwa yatima. Kwenye bamba mulikuwa na alama, herufi mbili tatu zilizoliwa na vidole vya watu. Nikazipaka makaa nione, hazikusema kitu. Ni papa aliyekisoma, yeye ambaye hakujua a wala b. Nilimupelekea baada ya misa. Hakuangalia bamba. Aliangalia kijiti kidogo kinachoshika ule mukono wa pembe.

"Hii si ya bazungu," akasema.

"Yote ni ya bazungu, papa."

"Hii kijiti hapa. Hii ni mutako."

Mitako zilikuwa fimbo nyembamba za shaba, wazee walizitumia kununulia vitu mbele pesa ya franga ije. Mimi niliziona tu kwenye mikono ya mabibi, zimegeuzwa bangili.

"Sasa fikiri," papa akasema. "Wakati mutako ingali na nguvu yake, nani angeikata kwa kutengeneza muchezo ya muzungu? Weye unaziba shimo ya suruali na noti? Donc mutako ilikuwa imekwisha kufa. Na ilikuwa haijaisha yote kuwa bangili. Wakati ule mimi ni kijana, ndevu haijatoka. Mukono yake ilivunjika wakati ule. Na kitu ya shaba kama hii haivunjike mwaka wa kwanza. Basi hesabu, weye njo ulienda shule."

Nikahesabu. Nikaona mulineti na papa walikuwa wa umri mumoja, pengine mulineti ndiyo mukubwa kidogo.

Kisha akanionyesha mwisho wa kijiti, ulivyopigwa nyundo ukawa bapa, na mukato katikati, kama mukia wa samaki. Wafua chuma wa kwetu pale maporomoko walikuwa wanamaliza hivyo kulabu za vitunga. Papa akapitisha kidole gumba juu ya ule mukia, akaenda, akarudi. "Mutu ya kwetu aliishika," akasema. "Imerudi nyumbani tu." Akacheka, na mama akatoka jikoni kuangalia nani anacheka.

Fimbo tulikata ya mbambu, ule mwanzi munene. Papa akafunga pete za kupitishia uzi na kekele aliyoipasua nyembamba kama nyuzi za kushonea, na mafundo yake yalikuwa mazuri kuliko kazi yangu yote ya shaba. Uzi wa nailoni nilinunua dukani kwa Mugiriki mumoja, ilikuwa kitu kipya, watu walikuwa wanaushika kwenye jua wanashangaa maji imefanywa kamba.

Papa akachagua jiwe, chini kidogo ya miti, pale maji inazunguka kabla ya kuondoka. Na hapo tukagombana. Mulineti iko na skrubu ya breki. Ukiilegeza, samaki anavuta uzi, anakimbia, anachoka, kisha unamurudisha. Ukiikaza, uzi hautoki. Papa aliikaza mpaka mwisho.

"Papa, lazima umuachie uzi."

"Nimuachie samaki kamba? Nimushike, halafu nimuambie kwenda?"

"Atakata."

"Kwetu kamba hairudi nyuma," akasema. "Mwenye kuachia kamba anaua mutu."

Nilijua ni kamba gani alikuwa anasema.

Mbenga wa kwanza, samaki yule wa meno makali, akakata uzi. Wa pili akavunja nusu ya fimbo, akaondoka nayo. Siku ingine papa aliukamata uzi kwa mukono, ukamupasua kidole mpaka mufupa ukaonekana mweupe. Watoto wa tonton walikuwa wanaona yote kutoka juu ya miti, na kule juu sauti inafika vizuri.

"Papa mundele, kofia yako iko wapi?"

"Muache, anangojea boyi amuletee kahawa."

"Boyi si huyu hapa? Boyi, kahawa ya papa."

Ndege ya uwanja wa Simi-Simi ikipita, walikuwa wanamuambia asimame, wandugu wake wanapita. Papa alifunga kidole na kitambaa, akaweka ndoano ingine. Nilikuwa nawachukia wale vijana na nawachukia mpaka leo, na wengi wao wamekwisha kufa. Na mimi niliwabebea watatu majeneza.

Siku ya Mungu moja nikiteremka kwenye mawe nikasikia krrr, ndefu, haikwishi. Papa alikuwa amesimama kwa muguu mumoja, fimbo ya mbambu imepinda, uzi unaenda. Macho yalikuwa yamefumba. Alikuwa analegeza skrubu kwa kidole kilichofungwa kitambaa, kidogo, kidogo tena, na midomo inatetemeka kama mutu anayeomba. Sikumukaribia. Samaki alienda mpaka karibu uzi uishe, akasimama. Papa akaanza kuzungusha. Samaki akaenda tena, papa akamuacha aende. Jua lilikuwa limekwisha kuhama kutoka bega moja mpaka lingine wakati mbenga alipolala pembeni ya jiwe, mukubwa kama mutoto wa kubatizwa, meno yake nje.

"Kuachia kunachosha kuliko kushika," papa akasema.

Alikataa nimubebee. Alipitisha kekele kwenye matamvua, akamuvuta nyuma yake mpaka kwenye jiwe pana, fimbo ya kutembelea mukono mumoja, mbenga mukono mwingine, na mulineti imening'inia kwenye shingo. Watu walikuwa wanagawiwa. Wanawake wakafungua njia. Papa akamuweka samaki juu ya lundo, katikati, akarudi akasimama pale nyumba ya pili inasimama.

Tonton akaangalia samaki muda murefu. Kisha akamushika kwa mukia, akamutoa kwenye lundo, akamulaza pembeni, chini.

"Yaya, samaki ya ndoano haihesabiwi."

"Ametoka kwenye maji haya haya."

"Ndoano ni ya batoto na ya bazungu. Nani alikushikia kamba? Hakuna. Ulivua peke yako, basi kula peke yako. Lundo ni ya batu walioshikana."

Papa akavua mulineti shingoni, akamuonyesha kile kijiti, ule mukia wa samaki. "Angalia, leki, mudogo wangu. Ni mukono ya kwetu ilitengeneza hii. Ni mutako. Angalia mwisho yake."

Tonton akainama, akaangalia kweli. Alijua alichokiona, maana baba yao ni mumoja na kulabu za baba yao zilimalizwa hivyo hivyo. Akajinyosha. "Kijiti kidogo hivi," akasema, "njo unataka isimame fasi ya muti?"

Mutu mumoja akacheka, kisha wengine, kwa sababu mugawaji akitania unacheka, lundo liko mbele yake. Tonton akaita nyumba zote. Akaita wajane. Mwisho akaokota kasamaki, akanyosha mukono. "Na yaya."

Papa hakuchukua. Aliondoka akaacha vyote viwili, kasamaki ya huruma mukononi mwa tonton, na mbenga wake chini pembeni ya lundo.

Mutu aliyesoma angesema tonton alikuwa na sababu. Mimi mwenyewe nimefikiri hivyo, siku ambazo niko na roho nzuri. Mutu peke yake na ndoano hawezi kusimamisha miti, na bila miti sisi si kitu. Lakini yeye alimujua yaya wake. Alijua alichokuwa anaomba, na kumupa kusingemupunguzia samaki hata mumoja. Papa alikuwa amejifunza kuachia. Tonton hakuachia hata urefu wa kidole.

Unafikiri papa aliacha? Hakuacha. Kila akipata samaki alimuvuta mpaka kule, akamulaza chini pembeni ya lundo, akasimama pale nyumba ya pili inasimama, mpaka mwisho ukafika akaitwa na wajane. Akiitwa, anageuka anapanda nyumbani. Tonton akishaondoka, wajane walikuwa wanachukua ile samaki ya ndoano wanapika liboke, ndani ya majani. Mujane mumoja aliniambia ilikuwa tamu. Hivi papa akawa analisha wa huruma, na bado anaitwa nyuma yao. Aliendelea mpaka kifua kilipomulaza, na kifua hakikumuinua tena.

Siku matanga ilipomalizika, tonton akaja uani. Desturi ya kwetu, vyombo vya kazi vya marehemu vinaenda kwa wandugu wake, mutoto hashike kitu mpaka wao wamechagua. Akachagua shoka. Akachagua kasia. Kisha akaonyesha kwa kidevu ukuta, pale mulineti ilikuwa imetundikwa.

"Na ile."

"Tonton, si mulisema ni ya batoto?"

"Sasa ni ya marehemu," akasema. "Na marehemu ni ndugu yangu."

Magoti yake yalikuwa yameanza kumuuma, kila mutu alikuwa anaona anapanda miti kwa shida. Hapo nikaelewa alikuwa anaifikiria ile mulineti tangu siku nyingi, pengine tangu aliinama akaiangalia.

"Bon," nikasema. "Muniachie niitie mafuta kwanza, imekauka."

Akangojea kwenye kiti cha papa, mama akamupa maji. Mimi nikaingia ndani na bisibisi. Nilitoa kile kijiti cha mutako, nikaweka kipande cha muti fasi yake, nikakipaka masizi na mafuta kifanane. Nikamupa kwa mikono yote miwili, kama desturi inavyotaka.

Tonton alifika kwenye karakana ya patron kabla mvua haijaanza, amefunga mulineti ndani ya kitambaa. Alikuwa ametoka kule kwa miguu. Samaki wa kwanza tu alikuwa amekata ule muti, mukono wa pembe ukaanguka majini. Akaiweka kwenye meza yangu, akaisukuma kidogo karibu na mimi.

"Mutoto, haishike tena. Itengeneze."

Nikaichukua. Nikaitikisa kwenye sikio.

"Hii imekufa, tonton," nikasema. "Ilikufa mbele mimi nizaliwe."

Akaniangalia, na macho yake yakateremka mpaka kwenye mufuko wa shati yangu, pale kijiti kilikuwa. Sijui kama alikiona. Hakuuliza. Akafunga kitambaa chake, akatoka, na nilimuangalia mpaka kona anavyovuta lile goti. Nilikuwa na kijiti, nilikuwa na pembe ya kuchonga mukono mupya, ningemumalizia kazi yote kabla chai ya patron ipoe. Nikashika baiskeli iliyofuata, nikaanza kukaza cheni yake.